Uzoefu wangu na Raspberry Pi 5 kama seva ya nyumbani

Katika vifaa vyote vya kielektroniki nilivyonunua tangu nianze kufuatilia teknolojia, Raspberry Pi 5 ndicho pekee ambacho utamu wake haukuisha baada ya kukitoa kwenye boksi. Simu mpya huja ikiwa imekwisha kupangwa kila kitu na mtengenezaji, na mnunuzi hubaki kuchagua kava na picha ya kuweka kwenye skrini. Raspberry Pi 5 ni kompyuta nzima iliyo kwenye bodi moja tupu ya milimita 85 kwa 56, haina skrini, haina kibodi, haina hata kasha la kuifunika, na haifanyi lolote mpaka mwenyewe uamue iwe nini. Mimi niliamua iwe seva ya nyumbani kwetu Dar es Salaam, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia vifaa vingine, na yote nitakayoeleza hapa yanahusu matumizi hayo. Anayeitaka kwa ajili ya roboti au kufundishia watoto kuandika programu atakuwa na mengine ya kusema.

Bodi za Raspberry Pi zilianza kuuzwa 29 Februari 2012, ya kwanza ikiwa na prosesa ya megahezi 700, kumbukumbu ya megabaiti 256 na bei ya dola 35. Toleo la tano lilitangazwa 28 Septemba 2023 kwa dola 60 lile la gigabaiti 4 na dola 80 lile la gigabaiti 8, ingawa mwishoni mwa 2025 bei zilipandishwa kwa sababu chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kote, na sisi huku tunaongezea gharama za usafirishaji na ushuru. Prosesa yake ina viini vinne vya Cortex-A76 vinavyokwenda gigahezi 2.4, na kasi yake kwa ujumla ni mara mbili hadi tatu ya toleo la nne la mwaka 2019. Jambo lililonisisimua zaidi mimi ni chipu ya pembeni iitwayo RP1, waliyoibuni wenyewe, ambayo kazi yake ni kusimamia matundu ya USB, kebo ya mtandao na zile pini 40 za kuunganishia vifaa. Kwa sababu yake matundu mawili ya USB 3.0 yanaweza kufanya kazi kwa pamoja bila kunyang'anyana njia, na anayehamisha faili kati ya diski mbili za nje ataiona tofauti hiyo mara moja.

Kabla ya kwenda mbali, niseme juu ya umeme, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama na ndipo maelezo ya wauzaji wetu yanapokuwa mafupi mno. Bodi hii inataka volti 5 na ampea 5 kupitia USB-C. Mtu mwenye chaja ya laptopu ya wati 65 atadhani amemaliza kazi, kwa kuwa mahitaji ya bodi hayavuki wati 27. Ukweli ni kwamba chaja hizo hutoa wati nyingi kwa kupandisha volti hadi 9, 15 au 20, lakini zikiombwa volti 5 nyingi hazivuki ampea 3. Niliijaribu ya kwangu makusudi: bodi iliwaka, kisha ukatokea ujumbe kwenye skrini kwamba chaja haiwezi kutoa ampea 5 na kwamba umeme unaokwenda kwenye vifaa vya USB utapunguzwa. Kupunguzwa huko maana yake matundu yote manne ya USB yanagawana miliampea 600 tu, badala ya 1,600 yanayopata kwenye adapta halisi. Kibodi na mausi vitafanya kazi vizuri, lakini diski ya nje itawaka na kuzima, na mtu ataanza kuilaumu diski. Duka moja la Kariakoo liliniuzia adapta iliyoandikwa wati 27 kwa herufi kubwa, nayo ikaleta ujumbe uleule. Baadaye nilipata adapta rasmi ya aina inayouzwa Uingereza, ambayo pini zake tatu zinaingia kwenye soketi zetu bila kuhitaji kipachiko, na tatizo likaisha.

Joto nalo si jambo la kupuuza katika mji kama wetu. Chipu ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia kasi ili isiungue, na bila kipoozeo, kazi nzito za dakika chache zinatosha kuifikisha huko. Kipoozeo rasmi chenye feni kilitoka kikiuzwa dola 5, na feni yake huanza kuzunguka chipu inapofika nyuzi 50, kisha huongeza kasi hatua kwa hatua kwenye nyuzi 60, 67.5 na 75. Chumba chetu hakina kiyoyozi, kwa hiyo feni huzunguka muda mwingi wa mchana, ila kwa kasi ya chini kabisa, na sauti yake humezwa na ya pangaboi. Sijawahi kuiona bodi ikijipunguzia kasi tangu niifunge.

Kuhusu kuhifadhi data, ushauri wangu ni kuachana na kadi ya microSD mapema kadiri inavyowezekana. Kadi inatosha kwa kuonjea, lakini kwa seva inayoandika kumbukumbu zake usiku na mchana, tena mahali ambapo umeme unaweza kukatika mfumo ukiwa katikati ya kuandika, kadi huharibika. Toleo hili ndilo la kwanza katika bodi hizi za kawaida kuwa na kiunganishi cha PCIe, njia ya kasi ya kuunganishia vifaa kama diski, na kwa kuongeza bodi ndogo ya juu unaweza kufunga SSD ya NVMe, yaani diski ndogo yenye kasi kubwa, na kuwashia mfumo mzima kutoka humo. Kwa mpangilio wa kawaida njia hiyo inabeba kama megabaiti 500 kwa sekunde kinadharia, wakati kadi nzuri haifiki robo ya kasi hiyo. Angalizo moja kwa wanaonunua huku: bodi ndogo rasmi iitwayo M.2 HAT+ inapokea SSD fupi za kipimo cha 2230 na 2242 tu, ilhali zinazojaa madukani kwetu ni zile ndefu za 2280. Wapo watengenezaji wengine wenye bodi ndogo za 2280, na mimi nilichagua ya namna hiyo, inayokaa chini ya Raspberry Pi badala ya juu.

Upande wa programu ndiko furaha yenyewe ilipo. Mfumo endeshi ni Raspberry Pi OS, uliojengwa juu ya Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na mtu aliyewahi kutumia Linux ya aina yoyote hatapotea. Programu ya kwanza niliyoweka ni Pi-hole, ambayo hujibu maswali ya anwani za mtandao kwa vifaa vyote vya nyumbani na kukataa kimyakimya anwani za matangazo na za kufuatilia watumiaji. Haihitaji kusakinishwa kwenye simu ya mtu yeyote. Ruta ikishaelekezwa kwake, kila anayeingia kwenye Wi-Fi anahudumiwa. Ukurasa wake wa takwimu unafunza mambo. Nilikaa jioni moja nikitazama orodha ya maombi na kuona televisheni yetu, iliyokuwa imezimwa kwa rimoti, ikiulizia anwani za matangazo tena na tena bila kuchoka, kwa bando ninalolipia mimi. Nisiipambe kuliko inavyostahili, hata hivyo: matangazo ya YouTube hayazuii, kwa kuwa yanatoka kwenye anwani zilezile zinazoleta video, na kuna siku tovuti moja ya malipo iligoma kufunguka mpaka nilipoiondoa anwani yake kwenye orodha ya zilizokatazwa.

Programu ya pili, na ambayo wanangu wameipokea kuliko nilivyotarajia, ni Kiwix. Hii hukuwezesha kupakua Wikipedia nzima katika faili moja na kuisoma bila intaneti, na kupitia seva kila simu na kompyuta ya nyumbani inaifungua kwenye kivinjari kama tovuti ya kawaida. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha inazidi gigabaiti 100, kwa hiyo ipakue usiku na kwa kifurushi kisicho na kikomo. Ya Kiswahili ni ndogo sana, pamoja na kuwa na makala zaidi ya 80,000. Bando likiisha katikati ya wiki, kazi ya shule kuhusu Vita vya Maji Maji inaendelea kama kawaida, na jibu linafunguka haraka kuliko lingetoka mtandaoni. Kwangu mimi hili peke yake lilihalalisha ununuzi.

Jellyfin, ya kutazamia filamu na video za familia kwenye televisheni, inafanya kazi kwa sharti moja. Bodi hii haina sehemu ya kielektroniki ya kubadilisha video kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, hivyo video inapaswa kuwa katika muundo ambao televisheni inauelewa yenyewe. Ikiwa hivyo, inapita bila kukwama. Isipokuwa hivyo, prosesa inafanya kazi ya kubadilisha peke yake, na feni utaisikia hata pangaboi likiwa linazunguka.

Mambo mawili madogo yameniridhisha kuliko ukubwa wake. La kwanza ni saa ya ndani. Matoleo yaliyotangulia hayakuwa nayo. Umeme ukikatika na kurudi huku intaneti haipo, bodi iliamka na tarehe ya zamani, na tovuti zenye ulinzi zikawa zinakataliwa kwa sababu vyeti vyake vilionekana havijaanza kutumika. Sasa unachomeka kabetri kadogo, kanakouzwa peke yake, na saa inaendelea. La pili ni kitufe cha kuwashia na kuzimia, kilichochelewa kuliko kitu chochote. Fahamu tu kwamba ukiizima, taa ikabadilika kutoka kijani kuwa nyekundu, bodi bado inakula zaidi ya wati moja mpaka ubadilishe mpangilio wa POWER_OFF_ON_HALT kuwa 1, ndipo hushuka karibu na sifuri.

Ikiwa kazini bila shughuli nzito, kipimo changu cha soketi huonyesha kama wati 4, yaani chini ya uniti tatu za umeme wa LUKU kwa mwezi mzima. Kompyuta ya mezani niliyokuwa nikiitumia kwa kazi hizohizo sikuthubutu kuiacha ikiwaka usiku.

Kwa anayefikiria kununua, gigabaiti 4 zinatosha kwa kila nilichokitaja hapa, na fedha inayobaki ni bora iende kwenye adapta halisi na SSD. Gigabaiti 8 nilizochukua mimi hazijawahi kujaa hata nusu. Mwenye toleo la nne linaloendesha Pi-hole peke yake hana sababu ya kubadilisha, kwa kuwa kazi hiyo ni nyepesi na hataona tofauti; lakini akitaka kuongeza Kiwix yenye faili kubwa na diski ya NVMe, kile kiunganishi cha PCIe hakipo kwenye bodi aliyonayo.