Pevingi na bustani mbele ya maduka ya Tabora: nyota tatu kati ya tano

Vitofali vinastahili sifa. Unene wa milimita 60 unawatosha waenda kwa miguu, na mchanga wa chini umeshindiliwa sawasawa. Ila pale magari ya mizigo yanapopanda zilitakiwa milimita 80. Ndiyo maana kona zinatitia.

Kasoro kubwa ni kimo. Barabara ikiinuliwa kupita sakafu ya duka, mvua ikinyesha maji yanamfuata muuzaji ndani. Kibaraza kiteremke sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni. Vifuniko vya zege navyo vikatwe vifupi, watu wawili waweze kuvinyanyua. Kifuniko kizito hakifunguliwi, mtaro unajaa mchanga.

Michikichi ya mapambo inapendeza pichani, lakini mama lishe anataka kivuli cha mwembe au mwarobaini. Kung'oa mwembe Tabora ili upande ukoka, jamani!

Wenye maduka kando ya barabara kuu na za mkoa: kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Jengo lililomo humo huchorwa X ili libomolewe: X nyekundu haina fidia, ya kijani inayo. Ulizia mipaka kabla ya kujenga ngazi.