Unauza Huduma Nje ya Kenya? Chagua Gari kwa Kutazama Umbo Lake Kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaofanyia kazi wateja wa ng'ambo wakiwa Kenya, watafsiri, waandaaji wa programu, wapiga filamu, yanafanana sana: mwenye yadi alimhakikishia mnunuzi kwamba VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya gari itarudi yote, na haikurudi hata senti. Kwa hiyo sitagusa unywaji wa mafuta wala upatikanaji wa spea, mambo ambayo fundi yeyote atakueleza bila kuulizwa. Shida iko kwenye umbo la gari.

Tangu Julai 2023, huduma zinazouzwa nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri, na aliyesajiliwa anaweza kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi ya biashara yake. Hata hivyo, kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT ya mwaka 2013 kinazuia dai hilo kwa magari ya abiria na mabasi madogo, uwe umeyanunua au umeyakodi, pamoja na matengenezo na vipuri vyake, isipokuwa kama biashara yako yenyewe ni kuuza au kukodisha magari hayo. Unaweza kuliendesha gari lako kwa shughuli za kazi peke yake, na bado hudai kitu. Hasara yenyewe si ya kupuuzwa, kwani VAT ya gari linaloagizwa huhesabiwa baada ya ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kuongezwa. Kwa thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, ushuru wa forodha wa asilimia 35 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, VAT ya asilimia 16 inafika shilingi 270,000.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa pikapu ya kabini moja, na sifichi upendeleo wangu: iwe Toyota Hilux. Ni vigumu kwa mtu yeyote kuiita gari la abiria. Ila iwe na kazi ya kweli. Mpiga filamu mwenye taa na jenereta atajieleza kwa urahisi, lakini mtafsiri mwenye kompyuta moja atatoa jasho. Ya kabini mbili naiweka chini zaidi kwa sababu inakaribisha ubishi. Usajili wa VAT ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, na aliye chini ya hapo anaweza kuuomba kwa hiari, mradi akubali kuwasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita na kudai kodi ya manunuzi ndani ya miezi sita.

Nafasi ya pili ni kubaki nje ya VAT, kununua salooni ndogo na kulipa kodi ya mapato ya kawaida. Utaruhusiwa kupunguza kutoka kwenye mapato yako asilimia 25 ya gharama ya gari kwa mwaka, kwa sehemu inayohusu biashara tu, na gari lisilo la kibiashara huhesabiwa gharama isiyozidi shilingi milioni 3.

Kodi ya mauzo ghafi (turnover tax), ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3, naiweka mwisho: haitambui gharama yoyote, likiwemo gari, na haipokei ada za kitaaluma, kwa hiyo wengi wenu hamuingii. Pikipiki ni rahisi na si gari la abiria. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Kinachonikera ni wauzaji wenye bei mbili, moja ya mwenye kutaka ankara na nyingine ya asiyeuliza, kisha wanaiita ya pili punguzo. Ukinunua kwa muuzaji wa humu nchini, bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), hakuna dai la VAT, na mtu binafsi asiyesajiliwa hana VAT ya kukuandikia hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Omba kuona logibuku, usome sehemu ya aina ya bodi, na uahidiwe ankara kwa maandishi kabla hujatoa amana.