Uzoefu wangu: Tecsun PL-330 na antena ya kitanzi AN-200 kwa vituo vya mbali vya AM, nikiwa Pemba

Nimeitumia redio ya Tecsun PL-330 pamoja na antena ya kitanzi ya AN-200 kusi na kaskazi, hapa kaskazini mwa Pemba, na ninawaandikia wale wanaouliza iwapo redio ndogo kiasi hicho inaweza kweli kunasa vituo vya masafa ya kati, yaani AM, vilivyo ng'ambo ya bahari. Inaweza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na giza na maji ya chumvi, na mnunuzi asiyelijua hilo ataisifu redio kwa sifa zisizo zake, au ataitia lawamani kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake.

Redio yenyewe inaenea kwenye kiganja na ililetwa na binamu yangu kutoka Muscat. Inatumia betri ya BL-5C, ile ile iliyokuwa kwenye simu ndogo za Nokia, jambo ambalo kwa mtu wa kisiwani lina uzito wake, kwa kuwa betri ikichoka si lazima kuagiza ng'ambo: mafundi simu wa Konde na Chake Chake bado wanazo. Jambo la kwanza la kufanya baada ya kuiwasha ni kuhakikisha kwamba imepangwa kusogea kwa hatua za kilohezi 9 na si 10, kwa sababu vituo vya Afrika, Ulaya na Asia vimepangwa kwa mwachano wa 9, ilhali wa bara la Amerika hutumia 10. Nimependa pia namna inavyotafuta vituo yenyewe na kuvihifadhi kwa kufuata saa, yaani vilivyopatikana saa mbili usiku huwekwa mbali na vilivyopatikana alfajiri. Kwenye FM huenda usione faida yake. Kwenye AM ndilo jambo lenye maana kuliko yote, kwani orodha ya vituo hubadilika kadiri usiku unavyosonga.

Mchana masafa ya kati ni kimya kitupu, isipokuwa kwa vituo vya jirani. Mwanga wa jua huliamsha tabaka la chini la ayonosfia, ile sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, lililo kati ya kilomita 60 na 90 hivi kutoka ardhini, nalo hunyonya mawimbi kabla hayajafika mbali. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapaa hadi tabaka za juu zaidi, na huko hurudishwa chini umbali wa mamia au maelfu ya kilomita. Hapo ndipo kisiwa kinapopata upendeleo wake. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko udongo mkavu, kwa hiyo wimbi linalogusa bahari njiani hupoteza nguvu kidogo tu, na lile linalokuja chini chini, karibu na upeo wa macho, humfikia msikilizaji wa ufukweni likiwa bado na uhai. Kutoka ufukwe wa Vumawimbi kuelekea mashariki hakuna nchi kavu yoyote hadi Shelisheli.

Na Shelisheli ndiyo inayoanza. Radyo Sesel, kwenye kilohezi 1368, huwa inasikika mara tu baada ya magharibi, Kikreoli chake kikiwa wazi kiasi kwamba anayejua Kifaransa atafuata habari, ingawa umbali ni takriban kilomita 1,700. Ikifika saa mbili na nusu hivi hupata mtambo wa Puttalam, Sri Lanka, unaorusha matangazo ya dini ya Trans World Radio kwenye 882 kwa lugha za Bara Hindi, nao uko zaidi ya kilomita 4,600. Kaskazini kuna Saudi Arabia kwenye 1521, mtambo wa Duba, unaotajwa katika orodha za vituo kuwa na kilowati 2,000, na huo hauhitaji ustadi wowote: washa tu. BBC huja kwa 1413 kutoka A'Seela, Oman, ambako mitambo ilihamishiwa mwaka 2002 kutoka kisiwa cha Masirah. Kusini, Trans World Radio ya Eswatini huja kwenye 1170, wakati mwingine kwa nguvu, wakati mwingine ikififia na kurudi kila baada ya dakika chache. Wazee wetu waliozoea Sauti ya Tanzania Zanzibar kwenye 585 hawashangazwi na haya hata kidogo. Vijana waliokulia FM ndio wanaodhani nimeunganisha intaneti.

Parakou ya Benin, kwenye 1566, ni mtihani. Iko mbali karibu sawa na Sri Lanka, lakini njia yote ni ya nchi kavu, na jua huko huchelewa kuzama kwa karibu saa mbili na nusu baada ya letu, kwa hiyo hakuna maana ya kuitafuta mapema. Alfajiri mambo hugeuka: vituo vya mashariki hufa kwanza kwa kuwa kwao kumeshapambazuka, vya kusini na magharibi vikabaki peke yao kwa muda.

Sasa kitanzi. AN-200 ni duara la plastiki lenye waya ndani na kifundo kimoja cha kuzungusha. Halitumii betri wala si lazima kuliunganisha na redio. Unaliweka ubavuni mwa redio, sentimita chache tu, kisha unazungusha kifundo polepole ukiangalia tarakimu ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo. Kwa Radyo Sesel nimeiona tarakimu hiyo ikipanda kutoka 20 na ushei hadi kupita 35, na ghafla mtangazaji aliyekuwa akinong'ona nyuma ya mikwaruzo akawa anaongea nami. Kifundo ni chepesi kupita mahali pake, hivyo mkono uwe mtulivu. Ndani ya redio kuna kijiti cha feriti, ndiyo antena yake ya AM, ambacho ni kifupi kwa sababu redio yenyewe ni fupi, na kitanzi ndicho kinachofidia ufupi huo. Kwa maoni yangu, fedha ya ziada ielekezwe huko kabla ya kufikiria redio ya bei kubwa zaidi.

Kijiti na kitanzi vyote vina upande wa uziwi. Ukielekeza ncha ya redio kwa kituo kinachokusumbua, kituo hicho huzama, na kilichokuwa chini yake hujitokeza. Hila hii ina mpaka wake, kwa sababu uziwi ni wa pande zote mbili za mstari: kwa aliye Pemba, Eswatini na Falme za Kiarabu ziko karibu kwenye mstari mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, na hakuna mzunguko wa redio utakaozitenganisha. Kelele zikitoka kwa kituo kilicho jirani kwenye masafa, upande mmoja, huwa nawasha upokeaji wa SSB, nasikiliza ubavu mmoja tu wa wimbi, na kupunguza upana wa masafa yanayopokelewa hadi kilohezi 2.2; muziki huharibika, lakini maneno hueleweka.

Adui mkubwa si umbali bali nyumba. Tangu umeme wa kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari, taa za LED za bei rahisi na chaja za simu zimejaza vijiji vyetu mvumo ambao sikio halisikii ila redio inausikia mno. Umeme ukikatika, masafa ya kati hufunguka papo hapo, nami ndiye pekee mtaani nisiyelalamika. Siku nyingine ni kwenda ufukweni, mbali na nguzo, ambako wavuvi waliopiga dago hawana kitu cha kutoa kelele zaidi ya tochi. Wakati wa masika radi hukwaruza usiku kucha na ni bora kulala. Kusi ndio msimu, mradi uvae hedifoni, kwa kuwa upepo huo humeza spika ndogo kama hii.

Asiyeweza kupata AN-200 asikate tamaa. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kila upande, waya uliozungushwa mara 10 hivi, na kapasita ya kuzungusha iliyong'olewa kwenye redio mbovu, vinatosha kutengeneza kitanzi ambacho, kwa ukubwa wake, hukusanya mawimbi mengi kuliko kile cha dukani. Ubaya wake ni kwamba hakibebeki kwenye baiskeli.