Tela ya kubebea punda, mbuzi na poni Unguja: ipi ununue, ipi uiache

Iddi kubwa ikikaribia kila mtu anatafuta cha kubebea mbuzi, na wenye punda, na wale wa mahoteli ya ufukweni wenye farasi, wao wanauliza mwaka mzima, sasa nimeona bora niandike yote pahala pamoja. Nazipanga kuanzia ninayoiamini mpaka nisiyoitaka kabisa, na kipimo changu kikubwa ni kimoja: sakafu iko juu kiasi gani kutoka chini. Rangi na taa za urembo baadae.

Kwa nini sakafu? Mtizame punda anavopandishwa. Anaweka kwato moja, anainamisha kichwa ananusa, anasikiliza, bati likilia kidogo tu anarudi nyuma, na akesharudi hata mje watu wanne mumsukume hapandi, na mkimpiga ndo mumeshamfunza kuwa tela ni adui. Sheria ya Ulaya ya kusafirisha wanyama, ile namba 1 ya mwaka 2005, inataka ubao wa kupandia farasi usizidi digrii 20, kondoo na ng'ombe wakubwa wanaruhusiwa kama 26, na ukipita digrii 10 lazima ugongelewe vipande vya kukanyagia. Haya piga hesabu, bodi ya kirikuu, ile pikapu ndogo ya Suzuki Carry, iko kama sentimita 65 juu, kwa digrii 20 unataka ubao wa karibu mita 2, ubao huo utauweka wapi safari nzima? Tela yenye sakafu ya sentimita 35 inataka ubao wa mita 1 tu, na ubao wenyewe ndo unakuwa mlango wa nyuma.

Kwa hivo ya kwanza kwangu ni tela ya kuchongesha kwa fundi wa kuchomelea, ekseli moja, sakafu chini. Ndani mita 2 kwa mita 1.3 inatosha punda wawili au mbuzi kadhaa. Mabomba ya skwea ubavuni, lakini sentimita 60 za chini ziba na bati mana mguu wa mbuzi ukitoka nje barabarani unavunjika pale pale. Juu acha wazi upepo upite, joto letu la kaskazi na unyevu wake mnyama akifungiwa kwenye boksi anapikika, tia turubai ya kivuli tu. Sakafu mie nataka mbao ngumu za inchi 2 zenye upenyo mdogo wa kutolea mkojo, na juu yake mkeka wa mpira. Cheka pleti tupu, lile bati lenye vinundu, msikubali, ikirowa mkojo inateleza na ikipigwa jua inaunguza kwato, tena mkojo pamoja na hewa yetu ya chumvi unakula chuma haraka sana, kwa hivo kila ukishusha wanyama oshea maji matamu mpaka chini ya sakafu.

Mafundi wengi wanatumia ekseli ya gari bovu, si vibaya, ila ifunguliwe mbele ya macho yako uone beringi na itiwe gresi mpya, na springi ziwepo, tela isiyo na springi ni kumtesa mnyama. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ili mkono wa tela ubakie na uzito wa asilimia 5 mpaka 10 ya mzigo wote. Tela la kilo 700 basi kilo 35 mpaka 70 zikae kwenye ngoe, pale tela inapofungwa na gari. Wanyama wakirudi nyuma wote mkono unataka kunyanyuka na tela inaanza kuyumba, ndo mana lazima kuwe na bomba la kuwazuia. Tairi soma ile namba ya tarakimu 4 ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, usitizame kashata peke yake.

Uzito sasa, hapa watu wanajidanganya sana. Punda wawili tuseme kilo 300, tela yenyewe ya chuma 350, jumla 650. Uingereza tela isiyo na breki zake mwisho kilo 750, tena isizidi nusu ya uzito wa gari inayovuta. Toyota IST ni kama tani moja, nusu yake 500, haifai. Noah inafika tani moja na nusu kwa hivo unapata nafasi. Na kwa ndugu zetu wa Pemba, na vile vilima vya Chake mpaka Wete, mie nasema tela iwe na breki zake hata kama ndogo, kuvuta kupanda si tatizo, tatizo kushuka.

Ya pili ni kirikuu yenyewe, hio Suzuki Carry, ukiiwekea kizimba. Uzuri wake siku nyengine unabebea nazi, saruji, chochote. Lakini mzigo wake umeandikwa kilo 350, punda wawili na kizimba cha chuma umeshaifikia, na sakafu juu kama nilivosema. Mbuzi safi, punda mmoja sawa, na ukiwa na pahala pa kuegesha penye tuta la udongo unarudi kinyumenyume mnyama anaingia bila ubao.

Ya tatu ni tela za farasi za mtumba za kutoka nje. Nzuri, zina breki, ila zimetengenezwa kwa farasi mkubwa. Poni na vile vifarasi vidogo, kuna chama Marekani kinaviandikisha visivozidi inchi 34 mabegani, yani sentimita 86, bomba la kifua liko juu mno kwao, ukifunga breki mnyama anaweza kupita chini yake. Ukiinunua basi bomba na kigawio cha katikati vishushwe, na upasue madirisha zaidi. Kagua sakafu, chokoa mbao kwa bisibisi kwa chini, ikizama ondoka.

Toyo ya miguu mitatu, ile pikipiki ya mizigo, naiweka mwisho, mbuzi wachache na mwendo wa karibu tu. Mnyama mrefu akisimama kwenye kona inapinduka. Na kumfunga mbuzi miguu minne ukamlaza nyuma ya pikipiki kutoka Makunduchi mpaka mjini, hilo nalichukia na nitalisema kila siku, acheni jamani.

Kabla hujatoa pesa ijaribu tela njia ya Jozani, yale matuta ya kuwalinda kima punju yatakwambia springi na ngoe zikoje. Sisi tunaendesha kushoto na barabara inalalia kushoto, kwa hivo mnyama mmoja au aliye mzito mweke kulia. Mfunge fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Na anaevusha kwenda Mkoani, Pemba, kibali cha mifugo akifatilie mapema kabla ya kukata tiketi ya meli, na maji ya kuwanywesha bandarini achukue yake.