Miaka mitatu ya kumwaga oili kwenye BMW 325i: uzoefu wangu

Nina BMW 325i ya mwaka 2006, ile bodi ya E90, niliyoiagiza Japani. Ilishuka bandarini Dar ikiwa na kilomita 88,000 na kibandiko kidogo cha Kijapani ubavuni mwa mlango wa dereva. Maandishi sikuyaelewa, ila namba iliyoandikwa kwa kalamu niliielewa: 84,310. Huko ndiko alikomwaga oili mara ya mwisho yule mwenye gari wa kwanza. Leo dashibodi inasoma 120,000 na ushee. Nimeshamwaga oili mara sita. Ya kwanza nilifanyiwa vibaya, tano zilizofuata nimefanyiwa na fundi mmoja, na naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza kama magari haya yanamilikika. Yanamilikika, mkiheshimiana.

Nianze na ile ya kwanza. Wiki ya kwanza baada ya namba kutoka nilipeleka gari gereji ya jirani na nyumbani, Tabata, walikokuwa wanaihudumia Toyota IST yangu miaka yote bila shida. Kijana aliniambia, "Dada, gari ni gari, oili ni oili." Akaleta kopo moja la lita 4 la 20W-50, akasema joto la Dar linataka oili nzito. Nilimwamini. Nikalipa oili, filta na ufundi, nikaondoka ndani ya dakika ishirini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naenda Morogoro kwenye msiba. Nilipopita Mlandizi ikawaka taa ya njano yenye alama ya kibirika cha oili. Nilipaki pembeni, nikafungua boneti kutafuta stiki ya kupimia. Haipo. Injini ya gari hili, N52, haina stiki kabisa. Kiwango cha oili kinasomwa na sensa na kuonyeshwa kwenye dashibodi. Nilisimama pale barabarani nimevaa kanga za msibani, malori yananipita, sijui kama nizime nisubiri au niendelee. Kijana wa kituo cha mafuta ndiye aliyenituliza: njano maana yake oili imepungua, nyekundu ndiyo inayosema hakuna presha na hapo usisogeze gari hata hatua moja. Akaniuzia lita moja ya oili aliyokuwa nayo, nikafika na kurudi kwa mwendo wa kunyata.

Kumbe hesabu ni rahisi. Injini hii ya silinda 6 inachukua lita 6.5 ukibadilisha na filta. Mimi nilikuwa nimewekewa 4.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa huyu mzee. Gereji yake ni ndogo, magari manne yakiingia imejaa, na anashughulika na BMW na Benzi tu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia huku ameshainama kwenye injini. Akachovya kidole kwenye mdomo wa kujazia oili, akasugua na kidole gumba, akaniuliza, "Mwanangu, hii umewekewa ya lori?"

Nimekaa kwenye benchi lake mara tano sasa, kwa hiyo namna anavyofanya naijua kwa moyo. Gari linawashwa kwanza lipate joto, oili iwe nyepesi. Likizimwa, halegezi bolti ya chini kwanza. Anaanza juu, kwenye kifuniko cha filta, kwa kikombe chake maalumu kinachoshika meno yote 16 ya kifuniko, ili oili iliyobaki kwenye nyumba ya filta ishuke yenyewe kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndipo gari linanyanyuliwa, linawekwa kwenye stendi, bolti ya kumwagia inafunguliwa kwa spana namba 17. Oili inaachwa idondoke nusu saa nzima, hadi tone na tone liwe na nafasi ya kuvuta pumzi kati yake. Muda huo hakai. Anazunguka na tochi.

Siku ile ya kwanza alipotoa filta aliniita nisogee. Ile niliyolipia Tabata haikuwahi kuwekwa. Iliyokuwa ndani ilikuwa nyeusi, karatasi zake zimelegea na kulaliana kama kurasa za daftari lililolowa, na imechapwa Kijapani. Kifuniko cha plastiki kilikuwa na makovu mawili ya patasi. Walikijaribu, kikawashinda, wakakiacha, wakaniandikia filta kwenye risiti. Sikupiga kelele. Niliipiga picha, ipo kwenye simu hadi leo, na sijarudi pale.

Filta mpya inakuja na oringi zake, yaani pete za mpira za kuziba, moja kubwa ya kifuniko na nyingine ndogo. Mzee anazipaka oili mpya kwa kidole kabla ya kuzivisha, kisha anakaza kifuniko kwa spana yenye kipimo. Juu ya kifuniko pameandikwa 25 Nm, yaani nguvu ya kukazia, na anahakikisha ninaona. Bolti ya chini nayo ni 25, na washa yake ya shaba hairudiwi. Mambo haya yanaonekana madogo, ila asilimia kubwa ya kilio cha "BMW inavuja" ninachosikia kwa wenzangu kinaanzia kwenye oringi ya zamani iliyorudishwa au bolti iliyokazwa kwa hasira.

Kuhusu oili yenyewe. Usichague kwa jina la mbele ya kopo wala kwa namba ya 5W-30 peke yake. Geuza kopo, soma nyuma, tafuta maneno haya: BMW Longlife-01. Hicho ndicho kibali ambacho injini hii inataka. Mimi nimetumia chapa mbili tofauti zenye kibali hicho, 5W-30 na 5W-40, na sijaona tofauti ya sauti wala ya kiwango. Kwa 20W-50 niliona, maana asubuhi injini ilikuwa inagonga tiki-tiki-tiki kwa muda kabla ya kutulia. Injini hii inarekebisha nafasi ya vali zake na kupanga muda wa kamu, ile shafti inayofungua vali, kwa presha ya oili, kupitia vinjia vyembamba, kwa hiyo oili nzito inachelewa kufika. Tangu niweke inayostahili, mlio ule umeisha. Filta nanunua MANN HU 816 x, Gerezani, Kariakoo, na ninaifungua boksi palepale dukani mbele ya muuzaji kuhakikisha oringi zimo. Asiyetaka kufungua, natoka.

Bili ya mwisho, kwa anayependa kujua: oili lita 7 kwa 35,000 ni 245,000, filta 35,000, ufundi 40,000. Jumla 320,000. Nusu lita inayobaki naiweka kwenye buti.

Sasa suala la lini. Hapa ndipo sikubaliani na gari lenyewe. BMW hizi zina mfumo unaohesabu wenyewe sevisi na kukuonyesha zimebaki kilomita ngapi. Baada ya sevisi ya kwanza mzee alipoiweka upya, dashibodi iliniambia nirudi baada ya kilomita zaidi ya 20,000. Nilifurahi. Yeye akanyanyua macho akaniuliza, "Spidi yako ya wastani ngapi?" Tukaangalia kompyuta ya gari: kilomita 17 kwa saa. Ndiyo maisha ya Tabata hadi Posta na kurudi, foleni ya Buguruni ikiwemo. Akanipigia hesabu kwa mdomo. Kilomita 7,500 kwa mwendo huo ni saa kama 440 za injini kunguruma, nyingi zikiwa imesimama juani. Mtu anayesafiri barabara kuu kwa wastani wa 80, saa hizo hizo zingempeleka kilomita 35,000. Kwa hiyo ninapomwaga oili kila kilomita 7,500 siwahi mapema. Injini imeshafanya kazi ya kutosha. Nimeishika hesabu hiyo na sijaiacha: 89,200, 96,700, 104,200, 111,700, 119,200.

Katikati ya hapo naangalia kiwango mwenyewe kila wiki mbili. Injini iwe imepata joto na gari liko mahali tambarare. Kwenye mkono wa indiketa kuna kitufe cha kupandisha na kushusha, unakibonyeza hadi itokee alama ya kibirika, kisha unabonyeza BC mwishoni mwa mkono. Inakuonyesha uko wapi kati ya MIN na MAX. Tofauti ya hizo mbili ni kama lita moja, basi ukiona imeshuka chini usijaze kwa pupa. Nusu kwanza, endesha, pima tena.

Ile tochi ya mzee nayo nina ushahidi nayo. Kwenye sevisi ya pili, wakati oili inadondoka, aliniita akamulika pale nyumba ya filta inapoungana na injini. Palikuwa na unyevu uliochanganyika na vumbi, na chini yake, kwenye ukingo wa mkanda, tone moja la oili linalong'aa. Hilo tu. Akanieleza kwamba gasketi ya pale ni ya mpira, ikizeeka inakauka, oili inajipenyeza na kushukia mkanda. Mkanda uliolowa oili unavimba na kuteleza, na kwenye injini hizi ukichomoka unaweza kuvutwa na puli ya kranki, ile shafti kuu ya injini, hadi ukaingia ndani kupitia sili ya mbele. Hapo unazungumzia kufungua injini. Gasketi yenyewe ni kitu cha kujaa kiganjani. Aliitoa mwezi uliofuata, akanipa niishike, nikaikunja kidogo ikakatika mkononi kama biskuti. Mpira wa miaka zaidi ya kumi, joto la injini, joto la Dar.

Nilibadilisha na mkanda siku hiyohiyo. Gharama yote ilinizidi sevisi mbili za oili, ndiyo, na nililipa bila kinyongo kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Mwaka wa pili ikawa gasketi ya kava la vali, ambayo kwenye gari hili ina bolti za alumini zisizorudiwa, kwa kuwa injini yake imetumia magnesiamu. Fundi akikwambia atarudishia zilezile, chukua funguo zako.

Mengine nayapita haraka. Mafuta ya breki kila miaka miwili, hilo gari linakumbusha lenyewe na liko sahihi, kwa sababu mafuta ya breki yananyonya unyevu na pwani hii unyevu haukosekani. Filta ya hewa ya ndani kila mwaka, utashangaa jinsi AC inavyopata nguvu. Plagi zote sita nilibadilisha kwenye kilomita 100,000. Betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo linaendelea kuichaji kama ile iliyozeeka. Kulanti ni ya bluu, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), na maji ya bomba yasiguse rejeta. Pampu ya maji ni ya umeme na mara nyingi haitoi dalili kabla ya kufa, kwa hiyo yangu naibadilisha mwaka huu ikiwa bado nzima, pamoja na thermostati.

Giaboksi inaandikwa kwamba oili yake ni ya maisha. Lakini ZF, waliolitengeneza giaboksi hili la gia sita, wao wenyewe wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nilifanya kwenye 105,000. Filta imejengwa ndani ya sampu yake ya plastiki, unanunua sampu nzima, na kiwango kinapimwa injini ikiunguruma na oili ya giaboksi ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, kwa kompyuta. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa. Gari lilikuwa linashtuka kidogo kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili nikikaribia taa, likaacha.

Mapungufu ya gereji ya mzee ni haya. Ni mwendo wa polepole, sevisi ya oili inakula asubuhi nzima, na Jumamosi bila kupiga simu kabla hupati nafasi. Hauzi oili wala spea, lazima uje na vyako, na ukija na kisichofaa anakurudisha Kariakoo hata kama umetoka Mbagala. Benchi lenyewe linapigwa jua kuanzia saa tano. Kwa mwenye haraka si mahali pake. Mimi nachukua ruhusa ya nusu siku kazini, nabeba chupa ya maji na mwavuli, na ninasimama karibu wakati filta ya zamani inapotoka, kwa sababu kila mara anaipasua karatasi zake kwa kisu na kuzimulika akitafuta chembe za chuma. Mara zote tano ametazama, akatikisa kichwa kwamba hamna kitu, akafuta mikono.

Kisha anakata kipande cha utepe, anaandika kwa kalamu nene, anabandika mlangoni chini ya kile kibandiko cha Kijapani ambacho hataki nikitoe. Cha sasa kinasema 126,700.