Senko za inchi 5: ghali kidogo ila ukijua kuzifunga zinavua

Wanaovua bass (samaki wa maji baridi) huku Texas, haya ndo maoni yangu kuhusu Senko, ile chambo ya minyoo ya plastiki ya kampuni ya Gary Yamamoto, maana kila nikiweka picha ya samaki kuna mtu ananiuliza inbox eti kweli kale kakijiti kanavua? Kanavua. Ukikatoa kwenye pakiti kanakatisha tamaa, kako kama kalamu ya Bic (na inasemekana Yamamoto umbo alilitoa kwenye kalamu kweli), hakana mkia wa kucheza, hakana miguu, hakana lolote. Siri ni chumvi. Imejazwa ndani ya plastiki yenyewe na ndo inayoipa uzito, kwahiyo unarusha bila chubwi hata moja na inazama taratibu imelala mlalo huku ncha zote mbili zinatetemeka. Wewe kazi yako ni kuacha uzi ulegee na kutulia. Hapo ndo wengi wanashindwa, mtu anarusha halafu anaanza kuzungusha rili mbiombio kama kuna anayemkimbiza, basi huyo anunue kitu kingine tu.

Sasa kufunga. Kwenye magugu na miti iliyozama, ziwa la Lake Fork huku Texas kwa mfano miti imejaa tele, funga kwa mtindo wa Texas: ndoano iliyopinda shingoni, saizi 3/0 au 4/0, choma kichwani katikati kabisa, ingia kama nusu sentimita, toa ncha ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae kwenye kile kipindo, geuza ndoano. Kabla hujachoma mara ya pili iache ining'inie, angalia tumbo la ndoano linagusa wapi kwenye mnyoo, hapohapo ndo unapopitisha mpaka utokee upande wa pili, halafu ncha unaificha chini ya ngozi kidogo sana. Lazima mnyoo unyooke. Ukikunjamana hata kidogo utazunguka majini, uzi utajisokota na jioni nzima utakuwa unafumua mafundo badala ya kuvua.

Maji yakiwa wazi, gatini au pembeni ya bwawa la mtaani, mi nafunga waki, yani ndoano fupi 1/0 inapita katikati ya mnyoo na pande mbili zinabaki huru. Hapa ndo penye gharama maana hii plastiki ni laini mno, ukichoma moja kwa moja samaki mmoja mkorofi akijitingisha tu mnyoo umekatika umeenda, na pakiti ni kama dola 8 kwa vipande 10, piga hesabu. Dawa yake ni viringi vya mpira, unakivisha kwenye mnyoo kwa kibomba cha kuvishia mpaka katikati, ndoano inapita chini ya kiringi bila kutoboa nyama. Mnyoo mmoja unakaa muda mrefu zaidi kabisa. Kwangu mimi Senko bila viringi ni kutupa hela, nunua vyote siku hiyohiyo.

Kitu kingine, bass mara nyingi anachukua wakati inazama na hutasikia kitu mkononi, angalia uzi, ukiona umeruka au unaenda pembeni wakati hakuna upepo vuta. Usisubiri, ukimwachia kwenye waki anameza mpaka kooni, na Lake Fork bass wa inchi 16 hadi 24 sheria inasema arudi majini, sasa unamrudishaje wakati ushamchana ndani?

Kuna za kampuni nyingine za bei rahisi na kuna zile za kampuni ya Z-Man ambazo hazichaniki ovyo, ila plastiki yake yenyewe inaelea, mzamo wake si huu, na usizichanganye na plastiki nyingine kwenye boksi moja zitayeyushana. Kama unavua na mtoto chukua hizo. Mimi nabaki na Senko, rangi ya kijani iliyofifia yenye chenga nyeusi, maji ya tope naweka nyeusi na bluu, basi.

Walioko Kenya, bass wa Naivasha ni huyuhuyu, walipelekwa toka Marekani enzi za mkoloni. Pakiti haina uzito, mtu akija likizo mwagizeni, na viringi mumwambie mara mbili maana atasahau.