Memori kadi ya simu: tafuta herufi A kabla ya kuuliza GB

Simu ikianza kulalamika kwamba nafasi imejaa, wengi wetu hushuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya simu Nairobi, na swali moja tu: "Ya GB 128 ni pesa ngapi?" Kwanza fungua mipangilio ya simu yako, uingie sehemu ya hifadhi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hukubali kadi igeuzwe kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, programu zikae humo. Nyingine huipokea kwa picha, muziki na video tu, na hapo hakuna haja ya kulipia kadi ya programu, yaani yenye herufi A.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya A1, GB 64 au 128. A1 ni ahadi kwamba kadi itasoma angalau mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde, vipande vidogovidogo, na hivyo ndivyo programu zinavyofanya kazi. Ile 10 iliyo ndani ya herufi C ni kasi ya kuandika mfululizo tu, MB 10 kwa sekunde.

Ya pili ni A2 yenye V30, alama ya kasi ya kurekodi video. Hufika kusoma mara 4,000 na kuandika 2,000, lakini kifaa chako kisipoielewa A2, faida hiyo huioni. Mnunulie anayerekodi video za 4K.

Ya tatu, GB 32 ya kawaida, inatosha nyimbo na mahubiri.

Usiguse ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nilimnunulia dada yangu kadi iliyoandikwa GB 128, akapigia picha ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yetu. Tulipozifungua jioni, za asubuhi zilikuwa sawa. Za mchana zilionyesha vilemba vya akina mama, kisha kijivu kitupu hadi chini. Kadi ilikuwa na GB 8 tu. Zile picha hatukuzipata tena, na bado zinaniuma.

Kwa hiyo, kabla hujaweka hata picha moja, ijaze kadi yote kwa programu ya kupima ukubwa wake halisi: H2testw kwenye kompyuta ya Windows, au F3 kwenye Linux. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa, basi ifanye usiku huohuo.

Ukishaigeuza kuwa hifadhi ya ndani, kadi hufungwa kwa msimbo wa siri wa simu hiyo moja. Simu ikifa, kadi haisomeki kwingine, kwa hiyo picha za familia zinakiliwe pengine pia. Wenye kifaa cha michezo cha Nintendo Switch nao wajue: mchezo hukaa kwenye kadi, lakini hatua mtoto aliyofikia hubaki ndani ya kifaa chenyewe.

Dukani, omba risiti na useme mapema: "Bosi, nikiipima leo nikute ni feki, kesho nairudisha." Akianza kuzungukazunguka, ingia duka linalofuata.